Ni Nani Aliyefilisika? Hotuba Kuhusu Ibada Zetu na Haki za Watu

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, Maswahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu katika imani, na nyinyi vijana mliokaa saffu za nyuma: siku moja Mtume (s.a.w.) aliwauliza Maswahaba zake swali ambalo kwa sura yake lilikuwa jepesi mno. Aliwauliza, "Je, mnamjua muflisi ni nani?" Wakajibu kama ambavyo yeyote kati yetu angejibu, kwamba muflisi kwetu ni mtu asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia kuwa muflisi katika umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, na funga, na zaka, huku akiwa amemtukana huyu, amemsingizia yule, amekula mali ya huyu, amemwaga damu ya yule na kumpiga mwingine. Basi huyu atapewa katika mema yake, na yule atapewa katika mema yake, na mema hayo yakimalizika kabla madeni hayajaisha, yatachukuliwa makosa ya wale aliowadhulumu yatwikwe juu yake, kisha atupwe Motoni. Hadithi hii imepokewa na Abu Huraira (r.a.), na Imam Muslim ameitoa katika Sahihi yake.

Mara nyingi tunaisikia Hadithi hii na kuipita, kwa hiyo naomba tusimame hapa kidogo. Mtume hakusema kwamba mtu huyo hakuswali. Hakusema kwamba funga yake ilikuwa mbovu au kwamba zaka yake ilikataliwa. Amekuja na ibada zake, na zimehesabiwa kuwa ni mema ya kweli, kwani lau zingekuwa si kitu wasingelipwa kwazo wanaomdai. Asiyekuwa na kitu tangu mwanzo huitwa fukara; muflisi ni yule aliyekuwa nacho, kisha madeni yakakimaliza. Mtu huyu alikuwa nacho. Aliamka alfajiri watu wamelala, akashinda na njaa na kiu Ramadhani baada ya Ramadhani, akatoa katika mali yake, na yote hayo yakaishia mikononi mwa watu aliowatukana na kuwala haki zao. Sijui msiba mkubwa kuliko huo kwa mtu wa ibada, na nakiri mbele yenu kwamba kila niisomapo Hadithi hii huanza kujihofia mwenyewe kabla ya kumhofia mwingine.

Imeingia katika fikra zetu kwamba dini ina vyumba viwili: chumba cha ibada, ambacho kukiingia ni lazima, na chumba cha tabia, ambacho mtu akijaaliwa atakiingia na asipojaaliwa hana neno. Ndiyo maana utasikia watu wakisema, "Fulani ni mtu wa dini sana, ila ulimi wake tu," au, "Mzee yule haikosi swala ya jamaa, ila kwenye mali za watu usimkaribie." Hiyo "ila" ndiyo ninayotaka tuizungumze leo. Qur'ani haikuiweka. Kila nguzo ya ibada iliyofaradhishwa juu yetu imekuja na kazi yake katika mwenendo wa mtu, kazi iliyotajwa waziwazi, na anayeitimiza nguzo huku akiikataa kazi yake ameshika kitu nusu.

Tunajua sote Hadithi ya Abdullah bin Omar (r.a.), ambayo Bukhari na Muslim wameitoa, kwamba Uislamu umejengwa juu ya mambo matano: kushuhudia kwamba hapana mungu ila Allah na kwamba Muhammad ni Mtume wa Allah, kusimamisha swala, kutoa zaka, kuhiji Nyumba, na kufunga Ramadhani. Tazameni neno lenyewe: umejengwa juu yake. Nguzo husimamishwa ili zibebe jengo. Mtu aliyesimamisha nguzo tano akaishia hapo, bila ukuta wala paa, mvua ikinyesha hana pa kujisitiri yeye wala watu wake. Na yule anayetaka kuezeka paa hewani, bila nguzo, huyo naye nitamfikia.

Tuanze na swala, kwa sababu ndiyo yenye maneno mengi. Mwenyezi Mungu anasema katika Sura ya Al-Ankabut, aya ya 45: "Na simamisha swala, hakika swala huzuia machafu na maovu." Aya hii imewatia wengi katika utata, kwani wanawaona wanaoswali wakifanya maovu yale yale, wakajiuliza kama aya inasema kweli. Aya inasema kweli, na wa kuulizwa ni sisi na swala zetu. Mtu mmoja aliingia msikitini Mtume akiwa amekaa, akaswali harakaharaka, kisha akaja kumsalimia. Mtume akamwitikia salamu na kumwambia, "Rudi ukaswali, kwani hujaswali." Akarudi, akaswali kama alivyoswali mwanzo, akaambiwa vilevile, mpaka mara tatu, ndipo akasema, "Naapa kwa Aliyekutuma kwa haki, sijui kuswali vizuri kuliko hivi, basi nifundishe." Mtume akamfundisha kwa upole: asome kilicho chepesi kwake katika Qur'ani, arukuu mpaka atulie katika rukuu, ainuke mpaka asimame sawasawa, asujudu mpaka atulie katika sijida. Mtu yule viungo vyake viliinama na kuinuka, ulimi wake ulisoma, na bado aliambiwa kuwa hajaswali, kwa sababu ya utulivu tu. Ikiwa swala isiyo na utulivu wa mwili hurudishwa namna hiyo, itakuwaje swala ambayo moyo wake tangu takbira ya kwanza uko kwenye hesabu za biashara?

Sisi tuna rakaa 17 za faradhi kila siku, na katika kila rakaa tunasoma Al-Fatiha, tunamwambia Mola wetu, "Wewe tu ndiye tunayekuabudu, na Wewe tu ndiye tunayekuomba msaada. Tuongoze njia iliyonyooka." Mara 17 kwa siku mtu anaomba aongozwe njia iliyonyooka! Anayeomba hivyo adhuhuri, kisha baada ya salamu akaenda kuapa kiapo cha uongo, amelitamka ombi bila kulitaka. Swala imewekewa nyakati ili tujifunze kutimiza miadi. Imewekewa saffu ili mwenye cheo asimame bega kwa bega na asiye na cheo, na paji la uso la kila mmoja liguse chini. Imetanguliziwa udhu ili mikono iliyotenda na mdomo uliosema vikumbuke kwamba vinahitaji kusafishwa. Mtu akiingia katika mafunzo hayo mara tano kwa siku, akatoka na kiburi kile kile na mkono mrefu ule ule, basi na achunguze swala yake kwa hofu, wala asiiache. Narudia, asiiache, maana shetani hupenda kumwambia mtu wa namna hii kwamba swala yako haina faida, afadhali uache unafiki. Dawa ikichelewa kufanya kazi kwa sababu hukuinywa kama ulivyoelekezwa, unarudi kwenye maelekezo, huitupi dawa.

Kisha iko Sura fupi ambayo watoto wetu huihifadhi mwanzo kabisa, Al-Maun, yenye aya saba. Inaanza kwa kumuuliza Mtume kama amemwona yule anayekadhibisha malipo, na mara inatuonyesha alama zake: ni yule anayemsukuma yatima, wala hahimizi kumlisha maskini. Kisha ghafla, "Basi ole wao wanaoswali," wale wanaopuuza swala zao, wanaojionyesha, na wanaozuia maun. Na hiyo maun ni nini? Ibn Masud (r.a.) amesema kwamba wao zama za Mtume walikuwa wakiihesabu kuwa ni kuazimana ndoo na chungu. Ndoo na chungu! Sura iliyotaja Siku ya Malipo, yatima na swala, imemalizia kwa chombo cha jikoni ambacho jirani amekuja kuazima na mwenyewe akamwambia hakipo, na huku kipo. Sijaona mahali ambapo ibada na tabia vimefungwa pamoja kwa fundo dogo na gumu kama hapo.

Zaka nayo tunaijua kwa hesabu zake: mali ikifikia kiwango, ambacho kwa dhahabu ni dinari 20, takriban gramu 85, ikapitiwa na mwaka wa mwezi mwandamo, hutolewa robo ya fungu la kumi, yaani asilimia 2.5, na hupewa makundi manane yaliyotajwa katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60. Hesabu hiyo si ngumu, na aliye na mali anaweza kuuliza akaelezwa kwa muda mfupi. Ugumu uko katika moyo unaotoa. Mwenyezi Mungu amemwambia Mtume wake achukue sadaka katika mali zao, "uwasafishe na uwatakase kwazo." Maskini anafaidika, naam, lakini anayesafishwa ni mtoaji, anasafishwa ubakhili na dhana kwamba mali ni yake peke yake. Ndiyo maana katika Sura ya Al-Baqara tumeonywa tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi, na kabla ya onyo hilo tukaambiwa kuwa neno jema na msamaha ni bora kuliko sadaka inayofuatiwa na maudhi.

Masimbulizi ya zamani yalikuwa ni kumkumbusha mtu mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyekulisha. Ya leo yana picha. Mama mjane ameshika mfuko wa unga, anaambiwa ageuke kidogo, atazame huku, atabasamu, na mtoaji amesimama pembeni yake naye anatabasamu. Jioni picha imeshazunguka kwenye simu za watu mia kadhaa, na watoto wa mama yule wanaiona shuleni kwenye simu za wenzao. Najua wapo wanaosema wanafanya hivyo ili kuwahamasisha wengine watoe, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye nia. Lakini kuhamasisha kunawezekana kwa kupiga picha magunia. Uso wa maskini hukuununua kwa mfuko wa unga.

Katika saumu, Mwenyezi Mungu ametaja lengo ndani ya aya ile ile ya kufaradhisha, "ili mpate kumcha Mungu," na Mtume akaongeza ufafanuzi unaotisha: asiyeacha kusema uongo na kuutenda, Mwenyezi Mungu hana haja ya yeye kuacha chakula chake na kinywaji chake. Ametufundisha pia kwamba mfungaji akitukanwa au akichokozwa, aseme, "Mimi nimefunga." Kwa hiyo funga inafika mpaka kwenye hasira. Na hija, ambayo wengi huingoja umri mzima, imewekewa sharti la mwenendo kabla mtu hajafika: katika hija hakuna maneno machafu, wala uasi, wala mabishano.

Sasa nimgeukie yule anayetaka kuezeka paa bila nguzo. Huyu husema, "Mimi siswali, lakini moyo wangu ni safi, simdhulumu mtu, na wanaoswali nawajua matendo yao." Ndugu yangu, nakusikia, na sitakuvunjia heshima. Huenda kweli una huruma na mkono wazi kuliko wengi walioko saffu ya mbele. Lakini haki umeianzia wapi? Ikiwa kumnyima mtu haki yake ni dhulma, basi aliyekuumba, akakupa macho ya kuonea na pumzi unayoivuta sasa hivi bila kulipa, haki yake umeiweka wapi? Mtume amesema kuwa jambo la kwanza atakalohesabiwa mja katika amali zake Siku ya Kiyama ni swala, na amesema pia kuwa jambo la kwanza watakalohukumiwa watu baina yao ni damu. Yote mawili yameitwa ya kwanza, moja katika haki ya Mwenyezi Mungu na jingine katika haki za waja, na hatukupewa ruhusa ya kuchagua mojawapo. Makosa ya anayeswali yatamwandama yeye. Hayawezi kuwa udhuru wako, kama vile uovu wa mgonjwa mwenzako hauwezi kukuponya wewe.

Tukirudi kwa yule muflisi, mtaona kwamba katika orodha ya madeni yake Mtume alianza na ulimi: amemtukana huyu, amemsingizia yule. Ulimi ulitangulia mali na damu. Na hapa ndipo sisi watu wa ibada tunapoangamia, kwa sababu wengi wetu tumejizuia na ulevi, tumejizuia na zinaa, na tunakula nyama za ndugu zetu tumekaa msikitini baina ya magharibi na isha. Qur'ani ndiyo iliyosema nyama: "Je, anapenda mmoja wenu kula nyama ya nduguye aliyekufa?" Mtume alipoulizwa kusengenya ni nini, alisema ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia. Akaulizwa, je, ikiwa hilo ninalolisema analo kweli? Akajibu kuwa ikiwa analo, umemsengenya, na ikiwa hana, umemzulia. Jibu hili limefunga mlango ambao sisi huwa tunatokea, pale tunaposema, "Mimi sisengenyi, nasema ukweli."

Simu zetu zimeufanya ulimi kuwa na mbio ambazo wazee wetu hawakuzijua. Zamani neno la fitina lilihitaji miguu. Ilibidi mtu avae, atoke, abishe hodi, na njiani huenda moyo ukamsuta akarudi. Leo kidole gumba kinatosha. Mtu amemaliza swala, bado yuko juu ya mswala, tasbihi iko mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto, anasikiliza sauti iliyorekodiwa inayomchafua mwanamke asiyemjua, na kabla hajaimaliza ameshaituma kwa makundi matatu na kuongeza maneno, "Nimeletewa hivi hivi." Ndugu zangu, Mtume ametuambia kuwa inamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila alichokisikia. Hakusema kila alichokitunga. "Nimeletewa hivi hivi" haitakuwa hoja Siku hiyo, na wenye kudai watakuwa ni watu ambao hata majina yao hatuyajui.

Aliletewa Mtume habari ya mwanamke aliyetajwa kwa wingi wa swala, funga na sadaka, isipokuwa huwaudhi majirani zake kwa ulimi wake. Akasema, "Huyo ni wa Motoni." Akatajiwa mwingine aliyejulikana kwa uchache wa funga za sunna, sadaka na swala, ambaye sadaka yake ilikuwa ni vipande vya jibini kavu, lakini hawaudhi majirani zake kwa ulimi wake. Akasema, "Huyo ni wa Peponi." Waliompa habari wale waliitamka "ila" yetu, na jibu la Mtume likaenda moja kwa moja kwenye hiyo "ila."

Katika biashara nitataja kisa kimoja tu. Mtume alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikagusa unyevu. Akauliza, "Ni nini hiki, ewe mwenye chakula?" Akajibiwa kuwa kimenyeshewa na mvua. Akasema, "Kwa nini hukukiweka juu ili watu wakione? Mwenye kudanganya si katika mimi." Fikirini mkono ule. Juu ya rundo palikuwa pakavu na pazuri, na muuzaji hakutamka uongo wowote. Alikaa kimya tu, akaacha sehemu kavu izungumze kwa niaba yake. Kila muuzaji anajua rundo lake lina nini chini: gari lililogongwa likapakwa rangi, hati ya kiwanja chenye mgogoro, tunda bovu lililogeuzwa upande wake mzuri. Na kila mwajiriwa ana rundo lake pia, yaani saa alizosaini na hakuzifanyia kazi. Haihitajiki fatwa ndefu. Wewe mwenyewe unajua vidole vikiingia vitagusa nini.

Amana ni jambo zito zaidi ya hilo. Mnajua kwamba usiku wa Hijra Makureshi walikuwa wamekula njama ya kumuua Mtume, na wakati huo huo mali zao za amana zilikuwa zimewekwa kwake, maana hawakumjua mtu mwaminifu kuliko yeye. Wapo ambao katika hali kama ile wangesema kuwa mali ya adui ni halali. Yeye alimwacha Ali bin Abi Talib (r.a.) Makka arudishe kila amana kwa mwenyewe, kisha ndipo amfuate Madina. Ali akabaki kwa ajili hiyo katika mji uliojaa watu waliotaka kumwaga damu. Sisi tumeachiwa mirathi ya mayatima wa ndugu zetu wenyewe, si ya maadui, na wengine wetu tumeichanganya na mali zetu mpaka haijulikani ipi ni ipi.

Nina kumbukumbu moja ya utotoni ambayo haijanitoka. Nilikuwa nimehifadhi juzuu yangu na nilikuwa na sauti ambayo watu walikuwa wakiisifu. Siku hiyo, mlangoni mwa madrasa, nilimfokea mdogo wangu kwa sababu alikuwa amechelewa kunifikishia msahafu wangu, nikamwita jina baya. Nikaingia, nikakaa, nikaanza kusoma kwa utaratibu na madoido. Mwalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliniacha nisome aya mbili, akaninyamazisha kwa mkono, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sauti hii nzuri, ulipokuwa pale mlangoni ulikuwa umeiweka wapi?" Hakunipiga, wala hakusema zaidi. Alinituma nikamtafute mdogo wangu kwanza, nimtake radhi, ndipo nirudi kusoma.

Nyumbani ndipo mahali ambapo tabia haina wa kuishuhudia nje, na kwa hiyo ndipo inapojulikana. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume miaka kumi, na ushahidi wake ni kwamba hakuwahi kuambiwa hata "uff," wala kwa alilolifanya kuulizwa, "Kwa nini umefanya?", wala kwa ambalo hakulifanya, "Kwa nini hukufanya?" Na Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ulipofika alitoka kwenda kuswali. Katika jibu la Bi Aisha khidma na swala zimekaa pamoja, mtu yule yule, siku ile ile, bila moja kuionea nyingine.

Na tusiwasahau wanaofanya kazi majumbani mwetu. Abu Dharr (r.a.) alionekana amevaa joho, na mtumwa wake amevaa joho kama lile lile. Alipoulizwa, alieleza kuwa aliwahi kutukanana na mtu akamtia aibu kwa sababu ya mama yake, na Mtume akamwambia, "Umemtia aibu kwa mama yake? Hakika wewe ni mtu ambaye bado una ujahiliya ndani yako," yaani tabia za zama za kabla ya Uislamu. Kisha akamwambia kuwa hao ni ndugu zenu ambao Mwenyezi Mungu amewaweka chini ya mikono yenu; basi mwenye ndugu chini yake amlishe anachokula na amvishe anachovaa, wala msiwatwike yanayowashinda, na mkiwatwika, wasaidieni. Abu Dharr alikuwa katika waliotangulia kusilimu, na bado neno moja la dharau lilihesabiwa kuwa ni mabaki ya ujahiliya. Lakini tazameni alivyolipokea: hakujitetea, na neno lile akalivaa mwilini, joho lake na joho la mtumishi wake. Binti anayepika chakula chetu kisha akala kilichobaki, amekaa sakafuni jikoni, baada ya sisi kumaliza na kusoma dua ya kushukuru, yeye naye ni katika watakaosimama kudai.

Wanavyuoni wametufundisha kwamba toba ina masharti matatu: kuacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia, na dhambi ikihusu haki ya mtu, huongezeka sharti la nne, kumrudishia mwenyewe haki yake au kumtaka radhi. Sharti hili la nne ndilo tunalolikwepa. Ni rahisi kwetu kulia katika sijida usiku wa manane kuliko kupiga simu moja mchana na kusema, "Ndugu yangu, nilikudhulumu, nisamehe, na hiki hapa ni chako." Mtume amesema kuwa mwenye kumdhulumu ndugu yake katika heshima yake au jambo lolote, basi amalizane naye leo, kabla haijafika siku ambayo hakutakuwa na dinari wala dirhamu. Leo bado dinari zinalipa. Siku ile sarafu itakuwa ni zile swala zetu.

Jabir bin Abdillah (r.a.) ametusimulia, na Imam Ahmad ameitoa katika Musnad yake, kwamba alikufa mtu miongoni mwao, wakamwosha, wakamtia manukato, wakamkafini, wakampeleka kwa Mtume (s.a.w.) ili amswalie. Akapiga hatua, kisha akauliza, "Je, ana deni?" Wakasema, "Dinari mbili." Akaondoka, asimswalie. Abu Qatada (r.a.) akazichukua dinari mbili zile juu yake, akamfuata na kumwambia, "Dinari mbili ziko juu yangu." Mtume akahakikisha kwake kwamba haki ya mdai sasa iko juu yake na kwamba maiti ameondokewa nayo, naye akaitikia ndiyo, basi akamswalia. Siku iliyofuata akamuuliza, "Zimefanya nini zile dinari mbili?" Abu Qatada akasema, "Amekufa jana tu, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu." Kesho yake tena Abu Qatada akamwambia, "Nimeshazilipa." Mtume akasema kuhusu maiti yule, "Sasa ndipo ulipoipoza ngozi yake."

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.